Wanyama wa Udongo wa Meksiko: Shajara ya Kutafuta Kumi na Wawili

7 Januari 2024. Bata wa dola sita

Bata huyu nilimkuta kwenye duka la mitumba hapa San Antonio, Texas, amebanwa kati ya mashine ya kahawa iliyokufa na rundo la sahani za harusi ya watu. Ana rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Mgongoni kachorwa ndege mwingine, mdogo, kakaa juu ya tawi, na kwenye ncha ya tawi kuna kipepeo. Dola 6. Nililipa nikaenda naye moja kwa moja kazini, zamu ya usiku, nyumba ya wazee. Bibi mmoja aliyezaliwa Jalisco, jimbo la Meksiko, akampokea kwa mikono miwili, akampindua, akamnusa tumboni, akasema neno moja tu: Tonalá. Ni mji wa wafinyanzi wa huko huko Jalisco.

Mradi umeanzia hapo. Nataka wanyama kumi na wawili wa udongo kutoka Meksiko, waliochorwa kwa mkono, na kila mmoja anifundishe kitu ambacho mwenzake hajui. Bajeti ni dola 600 kwa mwaka mmoja, pamoja na gundi, vifaa na pa kuwaweka. Hakuna mnyama atakayezidi dola 100. Nauli na safari naziandika pembeni, kwa sababu nikizichanganya humu baba watoto atasoma.

Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya jambo hili bila kupoteza pesa kama nitakavyopoteza mimi.

Hadi sasa: mnyama 1, dola 6.

3 Februari 2024. Nguruwe aliyeoga

Sikuchukua hata mwezi kabla ya kupoteza.

Nguruwe huyu ni kibubu. Ni vile vibubu vya udongo tunavyovijua, mwanya mgongoni na mlango hakuna, siku ya kutoa pesa ndiyo siku ya kukivunja. Tlaquepaque, mji uliopakana na Tonalá, umetengeneza vibubu vya nguruwe kwa miaka mingi sana. Wangu ni wa waridi, ana maua makubwa ubavuni kama khanga ya sikukuu. Dola 35 kwenye gulio la Jumamosi, na vumbi lake bure.

Vumbi ndilo lililoniponza. Nilimtia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kama ningefanya kwa sahani yoyote. Nikageuka kuchukua taulo. Niliporudi, maji yalikuwa juisi ya rozela. Nikamwinua, ubavu wa kushoto ukaja mweupe, maua manne yamebaki beseni. Nilipojaribu kumkausha kwa mashine ya nywele, rangi iliyobaki shingoni ikaanza kunyanyuka kwa magamba. Nikaizima, nikakaa sakafuni.

Kilichotokea ni hiki. Nguruwe alichomwa kwanza. Baada ya kutoka kwenye joko akapakwa chokaa nyeupe, kisha rangi ya maji juu yake, kisha akapelekwa sokoni. Rangi haikuonja moto hata dakika moja. Wanyama wengi wa Meksiko wako hivi, wa zamani na wa sasa, na wengine ni wazuri kuliko waliochomwa na rangi zao, kwa sababu moto unaua waridi na manjano kali. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mnyama ni kama rangi yake imepita motoni au haikupita. Umri na bei vitasubiri.

Jinsi ya kuuliza: kijiti cha pamba, kilowe mate kidogo (mate, siyo utani, hata mafundi wa makumbusho huyatumia), kizungushwe mara moja mahali pasipoonekana, chini ya mkia au ndani ya unyayo. Pamba ikitoka na rangi, mnyama huyo hataona maji maisha yake yote. Brashi laini tu, ile ya poda ya uso, na uipitishe kama unampangusa mtoto aliyelala.

Maji yaliyoingia kupitia mwanya yalichukua siku tisa kukauka, na tumboni yakaacha unga mweupe wa chumvi. Nilifikiria kumpaka upya. Nilifika hadi kukoroga waridi kwenye kisosi, nikaacha. Ningebaki na nguruwe niliyemchora mimi, na sikumnunua kwa ajili hiyo. Atakaa rafuni akionyesha ubavu wa kulia.

Hadi sasa: wanyama 2, dola 41.

2 Machi 2024. Tone la maji

Baada ya nguruwe nikaogopa hata kumshika bata. Nilimjaribu kwa kijiti cha pamba na pamba ikatoka safi. Halafu nikamgeuza, nikadondosha tone moja la maji chini, pasipo rangi. Tone halikukaa. Liliingia ndani, likaacha doa jeusi lililofifia taratibu, na harufu ikapanda: harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Ndiyo maana yule bibi alimnusa.

Huu ndio udongo ambao Tonalá unasifika nao kuliko yote, wenyewe wanauita *barro bruñido*, udongo uliosuguliwa. Hauna glezi, ule mpako unaoyeyuka motoni na kuwa kama kioo. Michoro inapakwa kwa uji wa udongo wa rangi mbalimbali, kisha mnyama mzima anasuguliwa kwa kijiwe laini hadi ang'ae, ndipo anachomwa kwa moto mdogo. Mng'aro wote ni wa msuguo. Udongo unabaki na vinyweleo na unapumua, kama mtungi wa bibi yangu uliokuwa ukitoa jasho pembeni mwa mlango na maji yake baridi kuliko ya friji.

Harufu hiyo iliwahi kuvuka bahari. Karne ya 17 vyombo vya Tonalá vilipelekwa Uhispania, vikiitwa *búcaros de Indias*, na mabibi wa tabaka la juu walikunywa maji ndani yake kwa sababu ya ladha, kisha wakavitafuna. Walikula vigae. Kwenye mchoro mashuhuri wa mwaka 1656 wa Velázquez, mchoraji wa Uhispania, yule mtoto wa mfalme aliyesimama katikati anapewa kijitungi chekundu cha udongo juu ya sahani ya fedha. Wanahistoria wa Ulaya wanaandika habari hii kwa mshangao mkubwa. Mimi nilicheka. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mimba akamtuma mtoto sokoni kumnunulia udongo wa pemba anaelewa bila kuelezwa.

Matumizi mwezi huu: hakuna.

20 Aprili 2024. Paka wa mnada

Nilivumilia miezi miwili, kisha nikaingia kwenye mnada wa intaneti saa nane usiku, nikitoka zamu. Ushauri: usiingie mnadani saa nane usiku.

Tangazo lilisema paka wa kale wa Tonalá, udongo uliosuguliwa, miaka ya 1920. Picha mbili, zote za mbele. Dola 58, usafirishaji 22. Alifika ndani ya boksi kubwa kuliko yeye mara tatu, amezungushiwa tabaka moja la plastiki ya mapovu na nafasi tupu pande zote. Sikio la kushoto lilikuwa limejitenga, linagongagonga ndani ya boksi kama jino.

Ile hasira ilinisaidia kumchunguza. Nilimgonga kwa ukucha, akalia kama kikombe cha kaure, wakati bata wangu hulia kama mbao. Tone la maji lilikaa juu ya unyayo wake duara kamili, halikuingia hata kidogo. Nikashika taa nikasoma alama iliyoandikwa chini: KE.

Hizo ni herufi za Ken Edwards, Mmarekani aliyefika Tonalá mwaka 1959. Yeye na Jorge Wilmot, mzaliwa wa Monterrey, ndio waliojenga pale ufinyanzi wa moto mkali, zaidi ya nyuzi 1,200, unaofanya udongo kuwa kama jiwe. Maumbo na ndege na maua waliyachukua kwa wenyeji. Joko na glezi ndivyo vilivyokuwa vipya. Kwa hiyo paka huyu hawezi kuwa wa miaka ya 1920, na hajasuguliwa na mtu. Amepakwa glezi na kuchomwa.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba tangazo aliliandika kama alivyoambiwa na waliomuuzia. Pesa haikurudi. Nimebaki na paka mzuri wa KE mwenye sikio moja, kwa bei ambayo pengine ningemlipia hata angeelezwa kwa haki, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Siku hizi siweki pesa mnadani kabla sijapata picha ya chini. Uso wa mnyama unachorwa kumpendeza mnunuzi. Chini hakuna aliyejisumbua, kwa hiyo kila kitu kiko wazi: udongo, moto, saini, karatasi ya bei ya zamani. Ukikuta karatasi hiyo, usiibandue.

Hadi sasa: wanyama 3, dola 121.

18 Mei 2024. Sikio

Nililibandika sikio kwa supaglu. Sekunde kumi. Lilishika likiwa limepinda kwa upana wa unywele mmoja, na unywele mmoja kwenye sikio la paka unamfanya aonekane anasikiliza habari mbaya. Kesho yake pembeni mwa ufa pakawa na ukungu mweupe, mvuke wa gundi umeganda juu ya glezi.

Kubandua: pamba iliyolowa asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha lakini iliyo tupu, bila mafuta wala marashi, nikaizungushia plastiki isikauke, nikaacha saa nzima. Sikio likatoka. Ukungu ukafutika. Hili liliwezekana kwa sababu mwili wake ni jiwe na glezi yake imepita motoni. Asetoni ingemmaliza nguruwe. Na supaglu juu ya bata ingenywewa na udongo, isitoke tena milele.

Kubandika upya nilitumia Paraloid B-72, gundi ya mafundi wa makumbusho, inauzwa kwenye tyubu. Inakauka polepole asetoni yake inapoondoka, kwa hiyo unapata muda wa kurekebisha, na ukikosea hata baada ya miaka kumi asetoni inaifungua. Kasoro yake ni kwamba haikusaidii kushikilia. Lazima ufa ulale ili uzito wa kipande uukandamize wenyewe. Nilimzamisha paka kwenye bakuli la mchele, kichwa kimeinama, sikio limekaa juu kama kofia, nikaliacha usiku kucha. Baba watoto akaamka kutafuta mchele wa kupika.

Tyubu ya gundi dola 14, asetoni 5.

Hadi sasa: wanyama 3, dola 140.

10 Agosto 2024. Bundi na mama

Wanyama watatu wamepatikana bila vituko. Kasa mdogo wa udongo wa rangi ya mdalasini, dola 12. Samaki wa glezi, dola 15. Na bundi wa Tonalá aliyesuguliwa, dola 28, kutoka kwa jirani aliyekuwa anahama na kuuza vyombo uani. Wote watatu: pamba, tone la maji, ukucha, picha ya chini. Dakika tano kila mmoja. Sasa mikono inajua.

Kituko kilikuja baadaye. Nilikuwa naongea na mama kwa video, yuko Tanga, simu nimeiegemeza, rafu ikaonekana nyuma yangu.

"We mwanangu, hicho nini nyuma yako?"

"Mapambo, mama. Ya udongo."

"Naona mapambo. Nakuuliza huyo mwenye macho."

"Bundi."

Kimya kirefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Umelipa pesa ukaleta bundi ndani ya nyumba yenye watoto?"

Nilimweleza kwamba Meksiko wanawafinyanga kwa wingi, wanawachora maua kifuani. Sikumwambia kwamba huko nako wana msemo wao: bundi akilia, Mhindi anakufa, yaani mwenyeji asilia wa Meksiko. Nilimgeuza bundi akatazama ukuta. Mama akaridhika kiasi, na mimi nikagundua kwamba mgongoni mwake kuna mchoro mzuri kuliko wa mbele: kulungu anayeruka, mistari myembamba kama uzi wa kufumia kofia. Amebaki hivyo hivyo.

Hadi sasa: wanyama 6, dola 195.

14 Novemba 2024. Tonalá

Hatimaye. Nauli, kulala na chakula vimekula dola 540 nje ya bajeti. Naandika ili mtu asidanganyike kwamba kumi na wawili hupatikana kwa 600.

Tonalá uko upande wa mashariki wa Guadalajara, basi la mjini linakufikisha. Gulio ni Alhamisi na Jumapili, na siku hizo barabara zinafunikwa na vibanda hadi usione mji. Nitasema wazi: sehemu kubwa ya kilichopo siyo ninachokitafuta. Kuna vioo, fremu, plastiki, na wanyama wengi wa jasi iliyomiminwa kwenye kalibu na kupuliziwa rangi. Nilikaribia kununua sungura wa jasi. Uzito wake ulinitia shaka, nikamkwangua kidogo chini kwa ukucha, ukatoka unga mweupe kama wa chaki. Udongo uliochomwa hautoi unga mweupe.

Kilicho bora kiko majumbani, nyuma ya mageti yasiyo na kibao. Niliuliza, nikaelekezwa, nikafika kwa mzee mmoja na mkewe. Uani kuna joko la matofali la duara, kuni, na safu za wanyama wabichi wanaokauka kivulini. Pembeni mkewe alikuwa akichora jogoo kwa brashi ya manyoya ya mbwa aliyoitengeneza mwenyewe, manyoya machache tu yaliyofungwa kwenye kijiti. Alivuta mstari mmoja kutoka shingoni hadi mkiani bila kuinua mkono wala kuvuta pumzi.

Mnyama niliyemfuata ni *nahual*. Kwa imani za Meksiko, nahual ni mtu anayeweza kujigeuza mnyama. Kwetu nani hajasikia habari za watu wanaogeuka simba? Wa Tonalá ni paka mwenye uso unaokaribia wa binadamu, na anatabasamu. Anachorwa kwenye mitungi tangu zamani, na wengine humfinyanga mwili mzima. Mzee alikuwa naye mmoja, kijivu, madoa meupe, tabasamu la mtu anayejua deni lako. Akataja peso 1,400.

Nikasema 700. Nimekulia sokoni Ngamiani, bei ya kwanza ni salamu.

Mzee hakukasirika. Alinyanyua kasa mbichi aliyekwisha kupakwa rangi, akanipa pamoja na kijiwe chake cha kusugulia, cheusi, kinateleza kama sabuni, akaonyesha kwa kidole: sugua. Yeye akarudi kwenye kahawa yake. Nilisugua. Ukibonyeza kidogo hakuna kinachotokea, ukizidisha unakwangua rangi. Ukisugua kwenye udongo uliokauka mno unatoa mikwaruzo, ukiwa mbichi mno unaburuta. Kahawa ilipokwisha nilikuwa nimeng'arisha sehemu ya upana wa sarafu ya shilingi mia, yenye mikwaruzo mitatu. Mkono ulikuwa unatetemeka. Akaitazama, akacheka, akaanza kuisawazisha upya.

Nililipa 1,400.

Kwake pia nilichukua jogoo mdogo wa *betus*, peso 260. Betus ni mafuta ya utomvu wa msonobari. Mnyama anapakwa mafuta hayo, na ndiyo yanayompa mng'aro juu ya rangi zake za kelele.

16 Novemba 2024. Mkeka, jagwa na mbwa nisiyemnunua

Bata wa *petatillo* nimempata kwa fundi mwingine, peso 1,800. Ni bei ya juu kuliko zote na karibu ivunje sharti langu. Petate ni mkeka, na petatillo ni mkeka mdogo: uwanja wote usio na maua wala wanyama unajazwa vimistari vinavyokatana, kama ukili uliosukwa na chungu. Juu yake glezi. Niliweka kidole changu cha mwisho juu ya bawa lake na kuhesabu vimistari chini ya ukucha. Nilifika ishirini na mbili nikapotea. Ana kifuniko mgongoni, unaweza kutia kitu ndani. Kumbukeni hilo la kifuniko.

Tlaquepaque nilikwenda kutazama makumbusho ya Pantaleón Panduro, panapohifadhiwa kazi zilizoshinda tuzo ya taifa ya ufinyanzi inayotolewa tangu 1977. Ukitaka kujua kazi nzuri ikoje kabla hujatoa pesa, anzia pale. Mimi nilianza na pesa.

Dukani karibu na hapo nilinunua jagwa mdogo, yule chui wa Amerika, wa Amatenango del Valle, Chiapas, peso 300. Wanawake wa Kitzeltal wa kijiji hicho hawatumii joko. Wanapanga vyombo chini, wanavizungushia kuni, wanawasha, kama wafinyanzi wengi wa kwetu. Nilimjaribu kwa pamba: rangi haitoki kwa maji, lakini iko juu juu, ni rangi ya akriliki iliyopakwa baada ya moto.

Kuna mtu alinivuta pembeni akinionyesha mbwa mnene mwekundu, akinong'ona kwamba ametoka kaburini, Colima. Mbwa wa Colima ni kweli wapo, walizikwa na wafu magharibi mwa Meksiko takriban miaka elfu mbili iliyopita, na ni wazuri mno. Lakini tangu sheria ya 1972 vitu vya kale ni mali ya taifa na havitoki nchini. Kama ni wa kweli, kumnunua ni wizi. Kama ni wa juzi, unalipia kaburi ambalo halikuwepo. Nakala halali zinauzwa mchana, zimeandikwa kwamba ni nakala.

Jumla ya manunuzi: peso 3,760, kwa peso 20 kwa dola ni dola 188.

Hadi sasa: wanyama 10, dola 383.

24 Novemba 2024. Kufungua mzigo

Nilikataa kufungiwa kwa majani makavu, kwa kuogopa ukaguzi wa mimea forodhani. Vyote nilibeba mkononi, nikavitaja, thamani iko chini ya kile kiwango cha dola 800, sikutozwa kitu.

Makosa mawili, yote yangu. La kwanza: jagwa nilimzungushia plastiki ya mapovu moja kwa moja juu ya rangi. Akriliki na plastiki hushikana zikipata joto na kubanwa. Nilipoifungua ilitoa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, na jagwa akaja na alama za duara mgongoni, safu kwa safu. Kwa bahati ni madoa, na yeye ni jagwa, kwa hiyo anayejua ni mimi tu. Na ninyi. Dawa yake: karatasi laini nyeupe isiyo na wino kwanza, tabaka mbili, ndipo plastiki, na mapovu yatazame nje.

La pili: kilemba cha jogoo kimevunjika kwa sababu nilikijazia karatasi kuzunguka, nikidhani nakikinga. Kila boksi lilipobanwa, karatasi ilikisukuma. Sehemu nyembamba haitaki kujaziwa, inataka nafasi yake, na uzito ushikiliwe na mwili.

Kukarabati udongo wa vinyweleo siyo kama paka. Ukipaka gundi, udongo unainywa yote na ufa unabaki mkavu. Niliyeyusha B-72 kwenye asetoni hadi ikawa nyepesi kama maji, nikapaka kingo zote mbili kwa brashi, nikaacha siku nzima ziwe zimeshiba. Kesho yake nikapaka gundi nzito na kuunganisha. Bakuli la mchele tena, safari hii nimenunua wangu.

12 Januari 2025. Korosho

Mwaka umekwisha, wanyama ni kumi.

Wiki iliyopita wageni walikuja, nikaona baba watoto anamfunua bata wa petatillo na kutoa korosho. Alikuwa amezitia humo tangu juzi, kwa mapenzi kabisa, apendeze mezani. Glezi nyingi za asili za moto mdogo Meksiko zilitengenezwa kwa oksidi ya risasi, madini yenye sumu, wenyewe wanaiita *greta*, kwa sababu inayeyuka kwa moto wa kuni na kutoa mng'aro mzuri. Zipo glezi zisizo na risasi na mafundi wengi wamehamia huko, lakini kwa macho hutofautishi. Nilikuwa nimeahirisha kupima kwa miezi miwili.

Vijiti vya kupimia risasi, dola 16. Unasugua kijiti juu ya glezi, kikigeuka waridi ujue ipo. Samaki: hakuna mabadiliko. Paka wa KE: hakuna. Bata, ndani ya kifuniko: waridi kabla sijamaliza kuhesabu kumi. Vitu vikavu kama korosho havikamui risasi kama ndimu, nyanya au siki, ila sikufanya mahesabu, nilizimwaga zote. Nimebandika karatasi ndani ya kifuniko: PAMBO, SIYO CHOMBO. Baba watoto ameniuliza kama karatasi hiyo ni ya bata au ni yake.

Kabati la vioo nimepata la mtumba, dola 75, ili mikono ya watoto isifike. Nta ya kubandikia nyayo rafuni, dola 9. Chukua ya makumbusho, na usiitumie chini ya udongo usio na glezi, inaingia ndani na kuacha doa la mafuta. Bata wa kwanza analo doa hilo sasa, saizi ya punje ya mahindi. Waliosuguliwa nimewawekea vipande vya kitambaa.

Hadi sasa: wanyama 10, dola 483. Zimebaki 117 na nafasi mbili, kwa hiyo nimejiongezea muda hadi Juni.

Nafasi moja nimeshaitafutia mnyama. Anatoka Mata Ortiz, kijiji cha jimbo la Chihuahua ambako Juan Quezada, aliyefariki 2022, alijifundisha ufinyanzi kwa kusoma vigae vya Paquimé, mji wa kale uliobaki magofu, na mwaka 1976 mitungi yake mitatu ikakutwa kwenye duka la mitumba New Mexico, haina jina. Sasa kijiji kizima kinafinyanga. Brashi zao ni za nywele za binadamu. Kuna muuzaji anayekwenda huko kila mwaka, amenitumia picha nane, tano kati yake za chini, bila mimi kuomba. Amekubali dola 95 na atamshikilia hadi mwisho wa mwezi.

Ni bundi. Mama sijamwambia.